Shahidi Namba Saba Ameshiba

Saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kipimo cha chemchemi ya Idzugwa kilisoma miligramu sitini na tatu za nitreti kwa lita. Kikomo cha maji ya kunywa ni hamsini. Jana yake kilisoma sitini na moja, juzi hamsini na tisa na nusu. Ilikuwa siku ya sita mfululizo namba inapanda.

Auleria Mligo hakuwa mtu wa kuamini kipimo kimoja. Alichota chupa nyingine pale maji yanapotokea mwambani, akaisuuza mara tatu kwa maji yaleyale, akapima upya kwa mashine yake ya mkononi. Sitini na tatu. Akaandika saa, namba na joto la maji, kisha akabaki amechuchumaa, kalamu ikigongagonga goti.

"Kamwene, bibi shamba! Umeyakodolea macho maji kama yamekutukana."

Alikuwa mwanamke kijana mwenye ndoo kichwani na mtoto mgongoni. Alijitaja: Betrida, nyumba ya pili kutoka kanisani. Mtoto aliitwa Ayubu, ana miezi minne.

"Kamwene, Betrida. Mtoto mzima?"

"Mzima gani! Amepoa tangu Alhamisi. Halii, hacheki. Muuguzi alisikiliza moyo, akasema labda moyo. Turudi Jumatatu."

Auleria alisimama. "Naomba nimwone mikono."

Betrida akamgeuza mtoto mbele. Kucha zake zilikuwa na rangi ya jiwe la kunolea kisu, na midomo hivyohivyo. Auleria alizibonyeza kucha moja moja, akatazama kila moja inavyorudi. Hazikurudi nyekundu.

"Ananyonya?"

"Maziwa yangu yalikata baada ya operesheni. Anakunywa ya kopo. Lakini maji nachemsha, dada, usinifikirie vibaya. Kliniki walisema yakishatokota yatosha, mimi nachemsha nusu saa nzima mpaka sufuria inabaki robo."

Auleria alivuta pumzi kabla ya kujibu. "Usichemshe tena namna hiyo. Kuchemsha kunaua vijidudu, na nitreti si kijidudu. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki humohumo. Ukichemsha mpaka robo, umemnywesha mara nne."

"Mimi?"

"Hukuambiwa. Shika hii." Alimpa galoni la lita tatu la maji safi alilotoka nalo mjini, akachana karatasi kwenye daftari na kuandika maneno mawili kwa herufi kubwa, jina la sumu na la dawa, na namba yake ya simu chini. "Panda kituo cha afya sasa hivi, usisubiri Jumatatu. Mwambie daktari asome hapa. Damu yake haibebi hewa. Iko dawa ya bluu ya kuchoma kwenye mshipa. Mtoto anapona ikiwahi."

"Na wengine? Hapa kuna watoto wa kopo watatu."

"Pita uwaambie mama zao. Kisha nipigie."

Betrida aliiacha ndoo palepale, akapanda njia kwa miguu ya haraka, galoni mkononi. Auleria alimtazama mpaka alipopotea kwenye kona, kisha akatazama juu ya mlima, kwenye safu za miparachichi zilizofunika mteremko wote. Maji ya Idzugwa yalitoka kule.

*

Saa mbili na nusu alikuwa getini pa Kitalu cha Saba. Kilikuwa na hekta arobaini na familia thelathini na moja, na kwa miezi kumi na minne hakuwa amekanyaga hapo. Alikisoma kila siku, lakini kwenye kioo cha kompyuta, mjini Njombe.

Hakukuwa na mfuko wa mbolea hata mmoja katika bonde zima. Zamani wakulima walimwaga urea kwa ndoo, nusu ikaliwa na miti, nusu ikateremka na mvua. Sasa ni mwaka wa tisa tangu bakteria wa maabara walipopandikizwa mizizini. Walichukua naitrojeni hewani na kuulisha mti kutoka ndani. Watu waliwaita wapishi, na hata Bodi ya Bonde iliishia kuliandika jina hilo kwenye hati zake. Miche mipya ilizalishwa kwa mizizi iliyozoea kulishwa. Ilikuwa imesahau kujitafutia.

Kasoro ya wapishi ilijulikana tangu mwanzo: hawajui kuacha kupika. Kwa hiyo katika kila kitalu mti mmoja ulichomekwa kihisi shinani, kinachosoma naitrojeni katika utomvu. Huo ndio mti shahidi. Kila siku saa sita mchana Bodi ilimuuliza shahidi kama ameshiba. Akisoma chini ya mbili nukta nne, wapishi waliendelea. Akifika hapo, pampu ilitia sukari ya usingizi kwenye mabomba ya matone, na wapishi wa kitalu kizima wakalala siku ishirini na moja.

Shahidi Namba Saba hakuwa ameshiba kwa miezi kumi na mmoja.

"Bibi shamba kwa miguu yake!" Osmundi Kiswaga, mwenyekiti wa kitalu, alimjia na buti za mpira na kofia iliyotoboka. "Tulijua mmekufa huko mjini, tukasema basi tuchangishane sanda."

"Tuko hai. Nipeleke kwa shahidi."

"Twende umwone. Bodi nzima hamna anayetunzwa kama yeye."

Shamba lilikuwa zuri kupita kiasi. Majani yalikuwa mapana, ya kijani kizito kinachokaribia weusi, na vichipukizi vilikuwa virefu, laini, vingi kuliko matunda. Auleria alichuma majani njiani kwa utaratibu wake: jani la katikati ya tawi lisilo na tunda, moja kila upande wa mti. Miti kumi, majani arobaini. Akayasaga na kuyapima akitembea.

Mbili nukta tisa. Miti imevimbiwa.

Kisha wakafika kwa shahidi, na Auleria akasimama kama aliyegonga ukuta.

Mti ulikuwa ndani ya uzio wa mianzi uliosukwa vizuri, na mlango wenye kufuli. Ndani ya uzio nyasi zilifika kifuani. Matawi yameinama kwa matunda: ya msimu uliopita, meusi, yaliyokunjamana, na ya msimu huu, yamebanana chini yake. Chini palikuwa na tabaka la maparachichi yaliyooza. Majani yalikuwa madogo na yenye rangi ya manjano.

"Nani alisema mfunge uzio?"

"Kuku," alisema Osmundi. "Walianza kuparura karibu na waya. Mama Lusungu akasema haiwezekani, kitu cha watu tumekabidhiwa."

Mama Lusungu alikuwa amekwisha kuja, maana shahidi alisimama kwenye safu yake. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mwembamba, ufunguo wa kufuli umening'inia shingoni pamoja na rozari.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Amana yako ipo. Hesabu hata matunda. Hakuna mkono uliogusa, si wangu wala wa mjukuu. Mwaka jana bei ilipanda, watu wakaniambia yale yanaoza bure. Nikawaambia, ya Bodi yaachwe ya Bodi."

Aliufungua mlango kwa fahari. Kwenye nguzo palikuwa na kibao. Maneno yalikuwa ya Auleria mwenyewe, aliyaandika miaka sita iliyopita: *Mti huu utavunwa na kupaliliwa na mtaalamu wa Bodi pekee.*

Nao mtaalamu wa Bodi, miezi kumi na minne iliyopita, aliandika barua akieleza kwamba vihisi vimekuwa sahihi kiasi cha kutosha, ziara za vitaluni hazina tija, na kazi ifanywe kwa kompyuta. Barua ilikubaliwa. Sahihi iliyokuwa chini yake ilikuwa ya Auleria Mligo.

Alipima jani la shahidi. Moja nukta sita.

"Mbona umebadilika uso?" aliuliza Osmundi.

"Matunda ya mwaka jana hayakuvunwa, kwa hiyo mti umetumia akiba yake kuyabeba. Nyasi zimekula kilichobaki. Huyu ana njaa ya kweli." Alizungumza polepole, akilihakiki kila neno kabla ya kulitoa. "Kila siku anaulizwa, anajibu ana njaa, na wapishi wanaipikia miti elfu kumi na mbili isiyo na njaa. Ziada inageuka nitreti, inashuka Idzugwa. Asubuhi nimemwona mtoto ana kucha za bluu."

Mama Lusungu aliushika ufunguo wake.

"Tulitunza," alisema.

"Mlitunza, mama. Mlifanya kilichoandikwa. Aliyeandika ni mimi, na aliyeacha kuja ni mimi."

*

Saa tatu na dakika kumi alimpigia Mhandisi Komba, zamu ya asubuhi ya Bodi.

"Unaniambia shahidi ni mbovu?" aliuliza Komba.

"Shahidi ni mzima. Hawakilishi kitalu."

"Kwenye mfumo hiyo inaitwa mbovu. Shahidi mbovu, wapishi wanafutwa. Kifungu cha tisa. Nikiiandika sasa, kifutio kinaingia kwenye mabomba leo jioni."

"Miti ile haina mizizi ya kujitafutia. Wapishi wakifutwa, kitalu hakitazaa misimu mitatu. Familia thelathini na moja. Nataka walazwe tu."

"Anayewalaza ni shahidi, Auleria. Mimi sina kitufe hicho, na hata mkurugenzi hana. Si ninyi mliokiondoa baada ya ile kesi?"

Ndiyo. Walikiondoa baada ya kesi ya Gaudensi, mwenzake wa bonde la pili, aliyekuwa akicheza na shahidi ili wapishi wasilale na mavuno yaongezeke. Bwawa likafunikwa na magugu, samaki wakaelea. Auleria ndiye aliyetoa ushahidi. Alisema mahakamani, na ilinukuliwa kwenye hukumu, kwamba kumgusa shahidi mmoja ni kuwagusa wote, maana hakuna anayekunywa maji ya bonde ambaye ana njia nyingine ya kujua.

"Nikivuna na kupalilia leo?"

"Utomvu wake utarudi baada ya wiki ngapi?"

"Sita. Labda saba."

"Na maji ya gari ya kuwapelekea Idzugwa ni siku tisa kufika, nimeshauliza. Niandike, au nisiandike?"

"Subiri mpaka saa kumi."

"Kwa nini saa kumi?"

Alikata simu. Hakupenda kusema asichokijua bado.

Alizunguka uzio mara mbili. Akikaa kimya, watoto wa Idzugwa wangeendelea kunywa. Akisema kweli, shamba lingekufa. Lilikuwepo la tatu, na lilikuwa ndani ya begi lake: chupa ya naitrojeni iliyoyeyushwa ya kusawazishia vihisi, lita moja, iliyopimwa mpaka tarakimu ya nne.

"Osmundi, mna zile sindano za shina? Za dawa ya kuoza mizizi."

"Zipo stoo, kumi na mbili." Osmundi alimtazama, akaelewa, akaanza kutabasamu. "Bibi shamba! Unataka kumlisha shahidi pilau kabla hajapanda kizimbani!"

"Ukiniletea, weka hapo uondoke. Hatua mia. Hujaona."

"Hujaona nini, na kofia yangu inaonekana mpaka Makambako? Nitakaa hapahapa."

Alirudi na sindano mbio. Lakini Mama Lusungu alikuwa amesimama mlangoni mwa uzio, mkono kwenye mwanzi.

"Usimguse kwanza. Nieleze."

"Nikiingiza dawa hii chini ya kihisi, utomvu utaipandisha. Saa sita kihisi kitasoma ameshiba. Wapishi watalala siku ishirini na moja."

"Atakuwa ameshiba kweli?"

"Kwa siku mbili."

"Basi atakuwa hasemi uongo."

Auleria hakuwa mtu wa kuliacha jambo likiwa na kona. "Atasema kweli juu yake na uongo juu ya wengine."

"Na jana alisemaje?"

Jana shahidi alisema ana njaa, na alikuwa na njaa. Ile elfu kumi na mbili haikuwa nayo.

"Hivyohivyo," alisema.

"Miezi kumi na mmoja."

"Ndiyo, mama."

"Na mimi nimefunga kufuli uongo usitoroke." Mama Lusungu aliutoa mkono. "Pita. Lakini uandike. Mkono wako, saa yako, chupa yako. Hiki ni kitu nilichokabidhiwa; siwezi kukirudisha kikiwa kimefanywa kitu gizani."

"Mama, akiandika si wanamfukuza?" alisema Osmundi.

"Nimemwambia aandike. Sijamwambia asifukuzwe."

*

Saa nne kasoro dakika tano. Auleria alitoboa matundu sita sentimita ishirini chini ya kihisi, akaingiza sindano sita, kila moja mililita arobaini. Aliandika kila tundu, urefu wake, na dakika.

Katika jua, utomvu wa mti wa umri ule ungefika kwenye kihisi kwa saa moja na nusu. Jua halikuwepo. Wingu zito lilikuwa limekaa juu ya mlima tangu saa tatu, na mti usiotoa jasho hauvuti.

Saa tano na dakika ishirini kihisi kilisoma moja nukta sita. Saa tano na nusu, moja nukta saba. Osmundi na Mama Lusungu walikuwa wakikata nyasi kwa panga kimyakimya, maana hawakuweza kukaa. Auleria alisimama, akachuchumaa, akasimama.

"Tumpepee?" aliuliza Osmundi, kofia mkononi.

"Ndiyo," alisema Auleria.

Osmundi alidhani ni utani. Haukuwa utani, upepo hukausha jani, na jani likikauka huvuta. Basi wakampepea shahidi, mwenyekiti kwa kofia, Mama Lusungu kwa kitenge, mtaalamu wa Bodi kwa kifuniko cha begi lake la vipimo. Mtu wa kitalu jirani alisimama njiani, akawatazama, akaamua kutouliza.

Moja nukta tisa. Mbili. Saa tano na dakika arobaini na nane wingu lilipasuka, na jua likapiga majani ya manjano moja kwa moja. Mbili nukta moja. Mbili nukta mbili, ikakaa hapo dakika nne nzima. Mbili nukta tatu.

Saa tano na dakika hamsini na tisa kilisoma mbili nukta nne.

Saa sita kamili taa ndogo kwenye kihisi iliwaka, ikazima. Dakika moja baadaye, chini kwenye banda, pampu ikaanza kunguruma.

"Ameshiba," alisema Osmundi, akaketi kwenye matope.

Sukari ilihitaji saa nne kufika bomba la mwisho. Kabla ya hapo Bodi ingeweza kusafisha mabomba kwa maji na wapishi wasilale. Baada ya hapo hakuna wa kuwaamsha kabla ya siku ishirini na moja. Auleria alitumia muda huo kuvuna matunda yote ya shahidi, kuyapima kwa kilo, na kuandika.

Saa tisa simu iliita. "Wamemchoma ile ya bluu," alisema Betrida. Alikuwa akilia au akicheka. "Amelia, dada! Amenipigia kelele mpaka wodi imegeuka!"

"Kucha?"

"Wewe nawe! Zina rangi. Za mtu."

Auleria aliandika: *saa tisa, mtoto, kucha.*

Saa kumi na dakika mbili bomba la mwisho lilithibitisha. Saa kumi na dakika nne alituma taarifa. Ilikuwa na kurasa mbili, na ilianza hivi: *Kipimo cha leo saa sita cha Shahidi Namba Saba hakiwakilishi kitalu. Nimekitengeneza mimi. Namna nilivyofanya iko hapa chini. Vipimo vya miezi kumi na mmoja kabla yake pia haviwakilishi kitalu. Hivyo navyo vimetokana na mimi. Naomba mashahidi wote wa bonde wakatembelewe kwa miguu ndani ya siku ishirini na moja.*

Komba alipiga saa kumi na robo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka.

"Ungekaa kimya tu. Nani angejua?"

"Hakuna."

"Sasa?"

"Ndiyo maana nimeandika."

"Kifungu cha kumi na moja, Auleria. Ulikuwepo kikitungwa."

"Nilikuwepo. Fanya kazi yako."

Saa kumi na moja kasoro dakika saba leseni yake ilifungwa. Kioo cha mashine yake ya mkononi kilizimika akiwa ameishika. Mama Lusungu aliuvua ufunguo shingoni, akautazama, akaenda kuuning'iniza kwenye mlango uliobaki wazi.

*

Asubuhi zilizofuata Auleria hakuwa na ruhusa ya kusoma chemchemi. Betrida, aliyekwenda kule kufua, alisoma kioo na kumpigia, kila siku saa kumi na mbili na dakika arobaini, kama alivyoombwa.

Ya kwanza: sitini na nne na nusu.

"Mbona imepanda? Si mlisema wamelala?"

"Kilichokwisha kupikwa bado kinashuka. Usimpe mtoto."

Ya pili: sitini na tano. Ya tatu: sitini na tano. Mchana wa siku hiyo ya tatu barua ya kumwita kwenye baraza la nidhamu ilifika, na jioni Komba alimtumia ujumbe wa mstari mmoja, bila salamu: shahidi namba kumi na tisa amekutwa na uzio.

Siku ya nne simu ililia saa kumi na mbili na dakika arobaini na moja. Auleria alikuwa ameketi kitandani, daftari limefunguliwa gotini.

"Umechelewa," alisema.

"Nimesoma mara mbili, kama wewe. Halafu sijui nikuite nani siku hizi, bibi shamba au dada tu?"

"Auleria inatosha. Ngapi?"

"Sitini na tatu," alisema Betrida.

Auleria akaandika.